Kitabu cha Batulbai na Mkanda wa Imtiaz

Duka la marehemu Abdulhussein pale Chumbageni, Tanga, lilikuwa na rafu nzima ya riwaya kati ya unga na sabuni, na mgeni akiingia alidhani amekosea mlango. Hakukosea. Lilikuwa duka la vyakula tangu siku lilipofunguliwa, ila vitabu viliingia pale kwa sababu ya aibu.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki, sabuni inatafutwa kama dawa, sukari inatoka kwa foleni na kwa kujuana. Abdulhussein alifungua duka kila asubuhi, akaketi nyuma ya kaunta na viberiti vyake, chumvi ya mawe na dawa ya viatu ambayo hakuna aliyekuwa na viatu vya kuipaka. Rafu tupu zilimkera kuliko njaa yenyewe. Alikuwa mtu wa haya, na duka tupu kwake lilikuwa sawa na kutoka nje bila shati. Siku moja akamwambia mkewe, Batulbai, zile riwaya zako za Kigujarati zinazoliwa na mchwa chini ya kitanda zilete hapa tuzipange, watu wakipita waone kuna kitu. Batulbai akazileta kapu kwa kapu, akazifuta vumbi, akazipanga kwa kupendelea, zile anazozipenda zikakaa usawa wa macho.

Basi watu wakaja kuulizia mchele wakaondoka na riwaya. Wanawake wa Kihindi wa mtaa mzima waliazima, wakarudisha, wakagombania nani afuate. Batulbai hajapata kufurahi maishani kama alivyofurahi katika miaka ile ambayo hapakuwa na kitu cha kupika. Lakini wasomaji hao hao ndio walioanza kuondoka, nyumba baada ya nyumba, huyu Kanada, yule Uingereza, na kila aliyeaga alirudisha kitabu kwanza, kwani walikuwa watu waungwana. Rafu ikazidi kujaa na mtaa ukazidi kupungua. Abdulhussein naye akafariki bidhaa zilipoanza kurudi, asiuone mzigo wa kwanza wa biskuti.

Ndipo ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa, na mwaka themanini na nane mtoto wao wa pekee, Imtiaz, alikuwa ameshika duka na lilikuwa limejaa mpaka darini: mafuta, majora ya vitenge, betri, dawa za meno za aina nne. Imtiaz hakuwa mtoto mbaya, naomba hilo lieleweke mapema. Alimpenda mama yake na alimletea chai mwenyewe kila asubuhi. Ila alikuwa na macho ya biashara, na macho yale yalikuwa yameona kwamba Tanga nzima imeshikwa na video. Alinunua deki, akaanza kuazimisha mikanda, na mikanda ikakosa pa kukaa.

"Mama, Muharram inaingia," alimwambia siku moja, wakiwa wamekaa kaunta. "Nitafunga mambo ya video mpaka tumalize majonzi. Tukivua nguo nyeusi tu, fundi Noa anakuja kuikata hii rafu ya vitabu, aitengeneze ya mikanda."

"Na vitabu?"

"Wauza karanga watavichukua. Karatasi nzuri."

Batulbai alimtazama mwanawe kana kwamba amesema wauza karanga watamchukua yeye. Imtiaz akaona haya, akalainisha sauti.

"Mama, usikasirike. Niambie tu, nani anasoma?"

Hapo ndipo palipouma, kwa sababu jibu halikuwepo. Wasomaji walikuwa wanatembea kwenye theluji huko waliko. Imtiaz mwenyewe Kigujarati alikizungumza vizuri, na mama yake, na jikoni, na kwenye simu za kutoka Toronto, lakini alisoma shule wakati kila kitu ni Kiswahili, na darasa la jioni la jumuiya lilikufa mwalimu wake aliposafiri. Vitabu vya mama yake kwake vilikuwa mapambo. Batulbai akaenda kuchambua mchele, na moyo ulimuuma sana.

Sasa nimtaje Zuwena, maana bila yeye hapana hadithi. Zuwena alikuwa mama wa Kidigo aliyekaanga bajia za kunde kwenye baraza ya duka hilo tangu enzi za Abdulhussein, na alikuwa shoga wa Batulbai kwa namna ya watu wanaosalimiana kwa kugombana. Kiswahili alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, akawa anasoma kila kinachofungia bajia kabla hakijafungia. Kigujarati hakukijua. Lakini riwaya aliyoipenda Batulbai kuliko zote, iliyoitwa kwa Kiswahili chao wawili *Kisima cha Uani*, Zuwena aliijua karibu yote, maana alihadithiwa kipande kwa kipande, mwaka hata mwaka, karai likinguruma.

Ni hadithi ya Kulsum, mwanamke aliyeolewa nyumba ya matajiri yenye kisima uani. Mume anasafiri, hasikiki tena. Mavyaa yake, mama wa mume, mtu mkali, anabaki naye ndani ya lango lililofungwa. Ukame unapoingia mjini, Kulsum anawafungulia wanawake wa nje wateke maji, na mavyaa anamfukuza kwa ajili hiyo. Zuwena aliipenda mno sehemu ya lango. Hapo kulikuwa na mama mmoja muuza bajia aliyekuja wa kwanza na ndoo yake, akasimama nje akamjibu mavyaa yule neno kwa neno mpaka lango likafunguka.

Wiki ya mwisho kabla ya Muharram, Imtiaz alipokea mikanda kutoka Mombasa, akaimwaga juu ya kaunta. Batulbai akauona mmoja, una picha ya msichana wa sari nyekundu na mashavu ya poda, na juu yake limeandikwa jina analolijua kama jina lake mwenyewe. Kitabu chake kilikuwa kimefanywa filamu, tena ndefu, mikanda miwili. Alikaa chini kwenye gunia la mchele.

"Ni Kulsum," alimwambia Zuwena, akitoka nao barazani. "Wamemtia kwenye video."

"Hata," Zuwena alisema, akafuta mikono akauchukua mkanda. "Huyu? Kulsum ana makovu ya ndui. Huyu hajapata hata chunusi."

Jumapili walikusanyika sebuleni nyuma ya duka: Zuwena, binti yake Sabiha aliyekuwa fundi cherehani na mpenzi mkubwa wa filamu za Kihindi, majirani wawili watatu, na Imtiaz mwenyewe kwenye deki. Ule mkanda wa kwanza ulipoanza, Batulbai alikuwa na kitabu mapajani kama askari wa barabarani na kijitabu chake cha faini.

Nyumba kitabuni ilikuwa ya udongo na mbao, imepinda upande mmoja. Kwenye filamu ilikuwa na ngazi za marumaru, na Kulsum aliteka maji akiwa na bangili mpaka kwenye viwiko. Mume, ambaye kitabuni anaondoka ukurasa wa pili na hata sura yake hatuambiwi, huku aliimba nyimbo tatu kabla ya kufunga sanduku.

"Atakosa meli huyu," alisema Zuwena.

"Mama, nyamaza, wimbo mzuri," alisema Sabiha.

Lakini Batulbai alikuwa mtu wa haki, na kuna mahali alishindwa, akakubali kwamba ameshindwa. Kitabuni kuna sentensi moja tu kwamba mavyaa aliviweka viatu vya mwanawe juani. Batulbai alikuwa ameipita sentensi hiyo mara zote alizosoma. Kwenye filamu, yule mwigizaji mzee hakusema neno. Kila asubuhi alivitoa viatu vya mwanawe akavianika penye jua, na kila jioni akaviingiza ndani, akavifuta kwa upande wa sari. Batulbai akaona kwamba muda wote alikuwa anamchukia mama ambaye alikuwa anangoja tu. Akalia, na hakujificha.

"Hapo wamenipita," alimwambia mwanawe.

Ukaja ukame, wanawake wakaja na ndoo, Kulsum akafungua lango mwenyewe, kimya kimya, basi. Zuwena akasogea mbele.

"Mama wa langoni yuko wapi?"

"Mama gani?" aliuliza Imtiaz.

"Muuza bajia. Anayemjibu mavyaa. Mbona lango linafunguka na hakuna mtu aliyesema kitu? Filamu hii ni ya waongo."

Majirani wakamuunga mkono, maana nao waliwahi kusimuliwa. Mtu mmoja akataka kujua mbona hata mnazi wa kando ya kisima haupo. Walikasirika kweli, kama watu waliouziwa kitenge kikatoka pungufu. Batulbai akafungua kitabu chake kuwaonyesha ukurasa, akapekua, akapekua tena, akakifunga. Mkanda wa kwanza ukaishia Kulsum yuko nje na kitanga chake cha ukili, lango limefungwa nyuma yake. Wakaagana kuuona wa pili Jumapili ijayo.

Kumbe walihesabu vibaya. Katikati ya wiki mwezi ukaandama, Muharram ikaingia, na nyumba ya Batulbai, kama nyumba zote za Maithnaasheri, ikavaa nyeusi kwa ajili ya Imamu Hussein. Imtiaz akatandika kitambaa cheusi juu ya televisheni na deki. Hapana muziki, hapana harusi, hapana video kwa miezi miwili na ushei. Kulsum akaachwa pale pale nje ya lango.

Siku kumi za mwanzo Batulbai alikuwa msikitini na kwenye majlisi, wala hakukumbuka riwaya. Zilipopita, akawa anakaa dukani alasiri na mwanawe, na ndipo Zuwena alipoingia na sahani ya bajia iliyofunikwa.

"Mama Imtiaz, mimi siwaingilii dini yenu," alisema, "lakini yule mwanamke yuko barabarani na kitanga, na jua kali. Wewe mwisho wake unao. Sabiha halali vizuri. Hebu tusomee."

Batulbai alifikiri sana juu ya jambo hilo. Miaka mingi nyuma aliwahi kuhadithia sehemu hiyo, lakini kwa kukatizwa na wateja, na hakuwahi kuifikisha mwisho sawasawa. Je, kusoma riwaya katika majonzi ni dhambi? Akaona kitabu hakiimbi. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke aliyefukuzwa kwa kuwapa maji wenye kiu, na katika mwezi ule wa Imamu Hussein aliyenyimwa maji hilo halikuwa jambo la mchezo. Akakata shauri kwamba atasoma, ila sura ya harusi ya wifi yake Kulsum ataruka.

"Harusi tutaisoma tukivua nguo nyeusi," alisema, na Zuwena akaona ni haki kabisa.

Basi kila alasiri wakakaa. Batulbai kwenye kiti mlangoni, kitabu mkononi, anasoma sentensi kwa Kigujarati kimoyomoyo, anaitoa kwa Kiswahili. Zuwena kwenye karai. Sabiha akaja na mshono wake. Imtiaz, ambaye biashara yake ya video ilikuwa imelala, alikuwa nyuma ya kaunta akijidai anapanga betri.

Siku ya kwanza tu Zuwena akauliza tena kuhusu mama wa langoni. Safari hii Batulbai alikuwa na jibu, maana alikuwa amekisoma kitabu upya chote asubuhi ile, na alikuwa amekumbuka.

"Hayumo, shoga," alisema. "Wala mnazi haumo. Unakumbuka mwaka ule hapakuwa na mafuta ya kupikia mji mzima? Ulikuja ukakaa hapo na karai lako baridi kila siku, ukasema hujui kukaa nyumbani. Mimi sikuwa na kitu cha kukupa. Nikakupa Kulsum. Halafu nikaona pale langoni hapana mtu wa kusema, nikamtia mwenye karai lililojaa mafuta. Nimemtaja mara nyingi mpaka nikasahau kwamba ni wangu."

Zuwena akageuza bajia zake moja moja. Zilikuwa hazijafika kugeuzwa. Imtiaz aliacha betri.

"Basi mwandishi alimsahau," Zuwena alisema mwishowe. "Wewe mtie. Endelea."

Batulbai akaendelea, na aliendelea akiwa na furaha ambayo hakuitarajia katika mwezi wa huzuni. Aliona kwamba kuna watu barazani kwake wanaosubiri sentensi yake inayofuata, kama zamani. Lakini kila akiinua macho aliiona rafu, akajua majonzi yakiisha fundi Noa anaingia na msumeno. Wasikilizaji hawakuwa wasomaji. Swali la Imtiaz lilikuwa bado halijajibiwa, na yeye hakuwa mtu wa kujidanganya.

Siku walipokaribia mwisho, Imtiaz alishindwa kuvumilia.

"Mama, kwenye mkanda wa pili mume wake anarudi," alisema kutoka kaunta. "Niliutazama nilipokuwa naukagua."

"Imtiaz," alisema Zuwena, "nakuheshimu kama mwanangu. Funga mdomo."

"Samahani, Mama Zuwena."

"Anarudi kweli?" Sabiha alinong'ona, akaangaliwa vibaya na mama yake.

Kitabuni mume harudi. Kulsum anakaa kwa wazazi wake mpaka asubuhi moja mlango unabishwa, na nje amesimama mavyaa, amekuja kwa miguu, mkononi ana ndoo. Haombi radhi. Hajui kuomba radhi, hajapata kuomba tangu azaliwe. Batulbai alisoma maneno yake polepole, akitafuta Kiswahili chake: "Wanawake wamejaa uani. Mimi sijui kuwagawia maji. Wewe unajua." Kulsum anachukua ndoo kutoka mkononi mwake na kutangulia njiani. Hapo kitabu kinaisha.

Bajia ziliungua karaini, na Zuwena hakuwahi kuunguza bajia tangu aanze kazi. Imtiaz akaingia stoo akakaa huko muda mrefu, akitafuta kitu ambacho hakuna aliyemwagiza.

Majonzi yakaisha. Kitambaa cheusi kikaondolewa, watu wakavaa rangi, Batulbai akasoma sura ya harusi kama alivyoahidi, na Jumapili sebule ikajaa kwa mkanda wa pili. Mume akarudi, akiwa na farasi, akawapiga watu ambao kitabuni hawakuwepo. Mavyaa akaanguka miguuni kwa mwanawe akalia kwa sauti. Mvua ikanyesha, na Kulsum akacheza katika mvua ile mpaka jina la mwandishi likapita chini, dogo kama sisimizi.

Sabiha alikuwa analia kwa raha. "Mimi naona hivi ni bora," alisema. "Kateseka sana. Kwa nini asirudishiwe mumewe? Kitabu kina roho ngumu."

"Wamemwangusha mama wa watu sakafuni," alisema Zuwena. "Yule si mtu wa kuanguka. Alikuja na ndoo."

"Watu hulia, mama."

"Viatu juani, hapo walikuwa na akili," alisema Batulbai. "Sijui baadaye waliipeleka wapi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa, na Imtiaz akaombwa aamue, kwa kuwa deki ni yake. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwisho wa kitabuni ni mzuri zaidi," alisema. "Lile neno, mimi sijui kuwagawia, wewe unajua. Mama yule hawezi kusema zaidi ya hapo. Kwenye video amesema mengi na hakusema kitu."

"Wewe kitabu umekisoma lini?" Sabiha alimuuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatetea filamu yake.

Imtiaz akamtazama mama yake, na mama yake, ambaye angeweza kumsaidia, hakumsaidia. Alijua mwanawe anasikia swali lake mwenyewe: nani anasoma? Imtiaz akaanza kukusanya vikombe.

Asubuhi yake fundi Noa akaja na msumeno, futi na penseli sikioni. Batulbai alikuwa amekwisha amka kwa ajili hiyo. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kusindikiza msafiri, na ameketi kwenye kiti chake mlangoni, amejiapiza kwamba hatasema neno. Imtiaz akamwongoza fundi ndani. Wakasimama mbele ya rafu. Noa akaweka futi kwenye ubao.

"Si huo," alisema Imtiaz. "Pima ukuta wa pili, penye majora. Mikanda itakaa kule. Majora tutayatundika."

"Uliniambia huu, bwana Imtiaz."

"Nilikuambia."

Noa akahamia ukuta wa pili akinung'unika kuhusu wateja. Imtiaz akabaki pale. Akatoa kitabu kimoja kutoka usawa wa macho, kizito, jalada la kijani, akakifungua, akaja nacho mlangoni kwa mama yake. Alikuwa amekishika juu chini.

"Baada ya *Kisima* unawasomea kipi?" aliuliza. "Hiki kinaitwaje?"

Batulbai alijua kinaitwaje. Jina lilikuwa kwenye ulimi. Alikipindua kitabu kikakaa sawa mikononi mwa mwanawe, akakichukua kidole chake cha shahada, kidole cha mwanamume mzima chenye vumbi la unga, akakiweka juu ya herufi ya kwanza.

"Hii ni *ka*," alisema. "Sema."

Imtiaz akageuka nyuma kuona kama fundi anawatazama. Fundi alikuwa anawatazama.

"*Ka*," alisema.

"Inayofuata."

Nje, barazani, Zuwena alikuwa ndio kwanza anatia bajia za mwanzo kwenye mafuta. Alisogeza kigoda chake karibu na mlango.

"Semeni kwa sauti," alisema. "Karai linanguruma, nami pia nataka kusikia."